Mitamba Mitano ya Kichuguu

Chombo Uporoto kilikuwa kimeshajing'oa gatini, na dunia imeshaanza kuwa tufe la samawati dirishani, lakini Tusekile hakuwa na nafasi ya kutazama. Alikuwa ameikumbatia nguzo ya banda, miguu inateleza kwenye maranda, macho kwenye mashine yake iliyokuwa ikifanya kazi kwa mara ya kwanza mbali na ardhi.

Mashine hiyo aliibuni mwenyewe, akaiita kipima-rika. Ilikuwa mkono wa chuma unaotembea kwenye reli ya darini, na mwisho wa mkono kuna kiganja cha mpira chenye joto kama la mtu. Kiganja kilishuka juu ya kiuno cha mtamba wa kwanza, nguruwe jike mchanga, kikamkandamiza. Mtamba akapiga kelele za kuchinjwa, akakurupuka, akampiga mwenzake kikumbo.

"Bado," ikasema mashine.

Ikamfuata wa pili. Naye akakimbia.

"Bado."

"Sasa hii si sawa na kumuuliza kifaranga atataga lini?" Huyo alikuwa Nyamizi, fundi mitambo wa chombo, mtoto wa Tabora, ameegemea mlango anatafuna karanga kama vile wako kwenye kibaraza cha kwao. "Wameachishwa kunyonya juzi, dada. Waonee huruma."

"Naizoesha mashine, siwazoeshi nguruwe."

"Basi iambie ipunguze sauti. Bado, bado, bado! Utadhani karani wa serikali."

Walikuwa nguruwe sita tu: mitamba mitano na dume mmoja, wote wadogo, kwa sababu mdogo ni mwepesi kubeba na safari ya Mirihi ilikuwa ya miezi minane. Watakua njiani. Wakifika watakuwa wamekomaa, wapandishwe, wazae. Ndivyo ilivyopangwa.

Na usije ukadhani walikuwa wakipelekwa kuliwa. Kule Mirihi kuna mji unaitwa Kichuguu, watu wanaishi ndani ya vilima vya udongo walivyojijengea, lakini udongo hauzuii kila kitu. Miale ya angani hupenya, na ikishaingia mwilini hula figo polepole. Nguruwe hawa walikuwa wa ukoo uliorekebishwa, ambao figo zao mwili wa mtu huzikubali. Vitoto vyao vikishaachishwa kunyonya, figo huchukuliwa, na zikishawekwa ndani ya mtu huendelea kukua mpaka zikamtosha. Homa ya nguruwe ilikuwa imefagia mabanda yote ya Kichuguu, na wagonjwa wamejipanga foleni wakisubiri mitamba hii mitano.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Ambakisye, mume wa Tusekile.

Wenye kufuga watakwambia mambo haya hayaharakishwi. Mtamba wa nguruwe huingia joto mara ya kwanza akiwa na miezi kama sita. Ukimwona wakati huo, huku nyuma kumevimba na kuwa kwekundu, anawapanda wenzake, chakula hataki, utasema huyu yuko tayari. Mfugaji mwenye akili humwacha. Joto la kwanza ni hodi tu. La pili ni salamu. La tatu ndipo unamletea dume, mtamba ameshafika miezi minane au zaidi kidogo, uzito umekaa, nyonga zimefunguka. Ukimharakisha atazaa wachache, au atakwama, na nguruwe akikwama kwenye uzazi wa kwanza unaweza kumkosa yeye na watoto. Dume naye vivyo hivyo: anaweza kuanza kupanda mapema, lakini kupanda si kukomaa.

Haya yote Tusekile aliyatia ndani ya kipima-rika. Kiganja kilisikiliza kama mtamba anasimama akikandamizwa, mizani iliyo chini ya sakafu ikampima, na mawimbi ya sauti yakachungulia upana wa nyonga. Mpaka vyote vikubaliane, lango la dume halifunguki.

Kulikuwa na njia moja nyingine. Mashine ikiharibika, lango lingefunguliwa kwa funguo mbili, mmoja wa mfugaji na mmoja wa nahodha, wakiziingiza pamoja. Lakini sharti wote wawili waingie bandani kwanza, kila mmoja amkandamize mtamba kwa mkono wake mwenyewe na kuridhika. Sharti hilo aliliweka Tusekile. Alijua mtu mwenye mgonjwa hafai kuachiwa peke yake.

Nahodha Haroub alikuwa mtu wa Wete, mrefu, msafi, swala haimpiti. Nguruwe hakuwahi kumgusa na hakukusudia kuanza uzeeni.

"Wageni wako wameamkaje?" angeuliza kila asubuhi, amesimama mbali na mlango.

"Salama, Nahodha. Wanakusalimu."

"Salamu zao zibaki huko huko."

Wiki ile ile ya kwanza alimpa Tusekile ufunguo wake. Aliuvua shingoni akauweka juu ya meza ya chakula.

"Chukua huu, Bi Tusekile. Mie huko ndani siingii, na mkono wangu siuweki. Siku ukiuhitaji, hesabu kwamba nilikuwepo."

"Kanuni inasema tuingie wote wawili, Nahodha."

"Kanuni hiyo imeandikwa na mtu asiyetawadha."

Nyamizi alicheka mpaka akapaliwa. Tusekile naye alicheka. Akaupokea ufunguo, akauning'iniza pamoja na wake. Hakuna aliyeona ubaya. Aliona ni adabu tu: mtu na dini yake humlazimishi.

Miezi ilikwenda. Chombo kilijizungusha kama gurudumu ili watu na wanyama wapate uzito wa kusimama, na nguruwe wakanenepa. Tusekile alikataza kuwapa majina, kwa hiyo Nyamizi akawapa majina. Mtamba mkubwa kuliko wote akaitwa Bibi Harusi, na dume akaitwa Shemeji.

Kisha ukaja ujumbe kutoka Kichuguu. Tusekile aliufungulia jikoni, Haroub na Nyamizi wakiwa mezani, maana kwenye chombo kidogo hakuna cha siri.

"Ugonile, mke wangu." Sauti ya Ambakisye iliyotoa salamu hiyo ya kwao ilikuwa imekauka kama ganda la mahindi. "Hukupenda kufichwa kitu, basi sikufichi. Mashine ya kusafisha damu sasa naikalia kila siku. Mishipa ya mikono imekataa, wamehamia shingoni. Daktari anasema mkipandisha kwa mpango wenu, watoto watapatikana mimi nimeshaondoka. Usilie. Mwambie nahodha wenu kwamba kitanda cha jirani amelazwa mama yake, Bi Mwanakombo. Ananipigia hadithi za Pemba mpaka nasahau sindano. Anasema mwanawe asisahau kula."

Ujumbe ukaisha. Nyamizi aliinuka akajifanya anaosha vyombo.

"Mama yangu huyo," Haroub akasema taratibu. "Unajua nilimbembeleza kiasi gani? Alisema afadhali afe safi. Mpaka shehe wa huko akamwambia, bibi, dharura huhalalisha, na roho uliyo nayo ni amana, si yako. Ndipo akakubali. Yuko nyuma kwenye foleni, lakini si nyuma sana. Mitamba yote ikizaa vizuri mara moja tu, itamfikia." Akamtazama Tusekile. "Pole, Bi Tusekile. Subira yavuta heri."

"Na mgonjwa je, Nahodha? Subira inamvutia nini?"

Haroub alisogeza sahani yake pembeni, akarudi usukani.

Kuna ujanja ambao kila mfugaji anaujua: mtamba akiishi karibu na dume, akamsikia na kumnusa kila siku, joto lake huja mapema. Asubuhi iliyofuata Tusekile alimhamisha Shemeji kutoka mwisho wa banda, akamleta ukuta kwa ukuta na mitamba.

"Ee, Shemeji kahamia mtaani?" Nyamizi akauliza.

"Kule kuna baridi."

"Baridi," Nyamizi akarudia, akaendelea na safari yake.

Haikuchukua muda mrefu. Bibi Harusi alianza kuacha pumba kwenye kihori, akasimama ukutani akinusa. Kipima-rika kilishuka kikaweka kiganja mgongoni pake. Hakukimbia. Alisimama kama jiwe, masikio juu, macho yameganda.

"Joto limefika," ikasema mashine. Kisha mawimbi yakapita kwenye nyonga. "Mwili bado."

"Rudia," Tusekile akaiamuru.

"Joto limefika. Mwili bado."

"Ana uzito mzuri. Ni mkubwa kuliko wenzake wote."

"Mwili bado."

Mashine haibishani, na huo ndio uzito wa kuishi nayo. Ukibishana nayo unajisikia wewe mwenyewe. Tusekile alijisikia akisema mmoja tu, si wote, mmoja tu. Wanne wataachwa wafuate mpango. Alihesabu miezi ya mimba ya nguruwe, chini kidogo ya minne, akaona vitoto vitatoka wakati ule ule wa kufika. Alimwona Ambakisye akikaa kitandani bila mpira shingoni.

Alimkuta Haroub kwenye chumba cha usukani.

"Nahodha, kuna mtamba amesimama. Nataka kufungua lango kwa funguo."

"Si unazo zote mbili?"

"Kanuni inataka uje umkandamize mwenyewe." Aliyasema hayo bila kujua anaomba nini. Sehemu yake moja ilitaka aseme nakuja. Angekuja, angeiona mashine, mashine ingesema mbele yake.

Haroub alitabasamu. "Mashine umeitengeneza wewe. Nguruwe umewalea wewe. Ukisema amekomaa, amekomaa. Mie nikamkandamize, nitajua nini? Nenda mama, Mungu akusaidie."

"Haya, Nahodha."

Ilikuwa imebaki sentensi moja, fupi tu: mashine imesema bado. Aliibeba mdomoni mpaka mlangoni, akatoka nayo.

Funguo zilizunguka pamoja, mikono yote miwili ikiwa yake. Shemeji aliingia, akateleza, akajaribu tena kama kijana anayejifunza baiskeli. Bibi Harusi alisimama. Baada ya hapo Tusekile alimrudisha Shemeji upande wake, akafunga lango.

Kuanzia siku hiyo kipima-rika kiliposhuka kwa Bibi Harusi kilisema, "Ana mimba. Mwili bado." Kila asubuhi maneno yale yale. Alivumilia siku chache, kisha akaizima sauti, ikawa inaandika tu kwenye kioo chake kidogo.

Nyamizi hakuchelewa. "Mbona karani amekuwa bubu?"

"Spika imeungua."

"Spika niliifunga mimi, dada. Haiungui." Akaingia bandani, akasoma kioo, akamtazama Bibi Harusi kwa muda. Karanga zilibaki mkononi. "Nahodha anajua?"

"Anajua kwamba nilifungua lango."

"Sikuulizi hilo."

Tusekile alichukua ufagio, akaanza kukusanya maranda.

"Mimi si mjumbe," Nyamizi akasema. "Lakini mtazame mnyama. Anakula kuliko wenzake na wenzake wamempita ukubwa. Kila anachokula kinakwenda tumboni, yeye mwenyewe hapati. Unamjenga ghorofa juu ya msingi mbichi."

"Atazaa salama."

"Umeambiwa na nani? Maana mashine haikukwambia hivyo."

Tusekile alimwongezea lishe, akampa madini, akamkanda miguu, akalala karibu naye. Wale wanne wengine waliingia joto, wakaachwa. Wakaingia tena, wakaachwa. Nyonga zao zikafunguka kama ipasavyo. Bibi Harusi alibaki na mwili wa mtoto na tumbo la mama.

Uchungu ulimshika siku waliyoanza kushuka Mirihi. Chombo kilikuwa kinatetemeka, Nyamizi amefungwa mkanda kwenye chumba cha injini, hawezi kutoka. Usukani ulikuwa mikononi mwa mitambo. Bibi Harusi alilala ubavu, akasukuma, akapumzika, akasukuma, na hakuna kilichotoka. Tusekile aliingiza mkono akakuta kichwa cha kitoto kimegota kwenye mfupa. Alijaribu kukigeuza peke yake akashindwa. Kila chombo kilipotikisika mnyama aliteleza.

Akabonyeza kipaza sauti. "Nahodha. Nahitaji mikono."

Haroub alifika mlangoni, akasimama pale pale anaposimama siku zote. "Kuna nini? Nani anazaa? Mbona anahangaika hivi?"

"Huyu ndiye niliyekuomba nimfungulie."

"Ukasema amekomaa."

"Wewe ndiye uliyesema. Mimi nilinyamaza."

"Mashine ilisema nini?"

"Ilisema bado."

Chombo kiliruka, taa zikafifia zikarudi. Haroub alishika miimo ya mlango kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umejikunja kama mtu aliyeambiwa habari kwa lugha anayoielewa nusu.

"Ulikuja ukaniambia nije nimtazame," akasema. "Mwenyewe ulikuja."

"Nilikuja."

"Na mie sikuja."

Alivua viatu. Akakunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, akasema bismillahi, akavuka kizingiti. "Nishike wapi?"

"Shingo na bega. Kwa nguvu. Asiteleze."

Alipiga magoti kwenye maranda na damu, akamkumbatia Bibi Harusi kama mtu anayemzuia mgonjwa asianguke kitandani. Tusekile alisukuma kichwa nyuma, akakigeuza, akavuta. Kitoto cha kwanza kilitoka kimekufa. Cha pili kilitoka kimekufa, kidogo kama panya buku. Cha tatu kilipiga chafya.

"Kipo hai!" Haroub akasema. "Kipo hai, Bi Tusekile! Bado wangapi?"

"Hakuna mwingine."

"Watatu tu? Si mlisema huzaa kumi?"

"Aliyekomaa huzaa kumi."

Damu haikukatika. Alimpa sindano, akambana, akamfunika kwa koti lake. Haroub hakuondoa mkono, hata alipohisi shingo imelegea. Magurudumu ya Uporoto yaligusa ardhi ya Mirihi, sauti ya Nyamizi ikashangilia kwenye kipaza sauti, na bandani Tusekile akalivuta koti mpaka likamfunika Bibi Harusi uso.

Baadaye Haroub alijiosha mara saba, mara moja kwa udongo kama ilivyoagizwa. Udongo aliuchota kwenye sanduku la mchicha la Nyamizi, na maji yalikuwa ya mgao wake wa kunywa. Alipomaliza alikuja kusimama karibu na Tusekile aliyekuwa ananyonyesha kitoto kwa chupa.

"Foleni," akasema. "Uzao wa huyu ungewafikia wangapi?"

Tusekile alijua anauliza juu ya nani. "Mpaka kwa mama," akajibu. "Pengine na mmoja nyuma yake."

Haroub alitikisa kichwa mara moja, akaenda kufungua mlango wa chombo.

Kitoto kile kilikua. Kilipoachishwa chupa, figo zake zilichukuliwa. Moja alipewa Ambakisye, ya pili mchimba visima aliyekuwa anamfuata. Mitamba minne iliyobaki ilipandishwa baada ya kipima-rika kusema tayari kwa kila mmoja, na wote wakazaa vizuri. Figo zao zilishuka kwenye foleni kwa zamu. Bi Mwanakombo alifariki zikiwa zimebakiza watu wachache kumfikia. Uzao wa pili ulikuja baada ya arobaini yake.

Tusekile alikwenda mwenyewe mbele ya baraza la Kichuguu. Alinyang'anywa leseni ya uhandisi. Sasa anasafisha mabanda, chini ya mfugaji aliyekuja na chombo kilichofuata.

Haroub naye alieleza habari ya ufunguo. Aliondolewa unahodha. Hakurudi duniani, anaendesha gari la maji kati ya Kichuguu na visima vya kaskazini, na Ijumaa huzuru kaburi la mama yake. Akikutana na Tusekile njiani humwitikia salamu.

Nyamizi alirudi na Uporoto. Ni fundi mkuu.

Shemeji alitumika miaka mingi, akafa kwa uzee.

Ambakisye yuko hai. Anafunga mabomba, hali chumvi, na figo inafanya kazi. Yeye na mkewe wanaishi nyumba moja, kila mmoja na chumba chake, tangu kitanda cha Bi Mwanakombo kilipobaki kitupu.